Themanini za Geresom Wambede

Geresom Wambede wa Busiu, jirani na mji wa Mbale, aliosha chupa za maabara ya shule kwa miaka kumi na mitatu, na katika miaka hiyo alijifunza kemia ambayo wengine walilipiwa karo kujifunza. Hakuna aliyemkalisha darasani. Kazi yake nyingine ilikuwa kufuta ubao, na kabla ya kufuta alisoma. Hakuna mfuta ubao mwingine mjini Mbale aliyechukua muda mrefu kama yeye, na mkuu wa shule mmoja aliwahi kuandika katika ripoti kwamba mtu huyu ni mzuri ila mzito. Mkuu huyo alirudi kwao bila kujua kwamba mzito wake alikuwa anamaliza hesabu zilizoachwa na darasa la mwisho.

Aliyegundua ni Balwant Singh, mwalimu wa kemia, Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu na sauti ya chini. Siku moja alirudi maabara kuchukua miwani yake akamkuta Geresom amesimama na kitambaa mkononi, anasahihisha kwa chaki jibu la mwanafunzi. Alitazama ubao, akatazama kitambaa, akachukua miwani. Kesho yake alimwekea kitabu mezani, na wiki iliyofuata kingine, na hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, bila ya yeyote kati yao kuuita urafiki.

Mwaka 1957 ikaja nafasi ya kazi kutoka Jinja. Kiwanda kidogo cha tindikali ya betri, upande wa barabara ya Masese, kilitaka msaidizi wa maabara. Si mhudumu, si mwosha chupa: msaidizi, mtu wa kupima na kuandika. Vyeti havikutajwa sana. Walitaka barua ya mwalimu, na daftari la jaribio moja ambalo mwombaji amelifanya kwa mikono yake mwenyewe. Geresom alikuwa na miaka thelathini na minne. Alijua kwamba mlango wa namna hiyo ukifungwa haufunguliwi tena kwa mtu wa umri wake, na akamwambia hivyo mkewe Nambozo, wakiwa wamekaa nje ya chumba chao cha kupanga huko Nkoma.

"Basi fanya hilo jaribio," Nambozo akasema. "Si ndiyo kazi unayoifanya kila siku?"

Balwant Singh alimchagulia jaribio la gesi ya kahawia, kwa kuwa kiwanda chenyewe kiliitumia gesi hiyo. Nami nitalieleza hapa, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kilichompata Geresom. Gesi hii ina chembe za aina mbili. Kuna jozi, chembe mbili zilizoshikana, nazo hazina rangi. Kuna pweke, zile zilizoachana, na hizo ndizo za kahawia. Jozi huvunjika zikawa pweke, pweke hukutana zikawa jozi, na kazi hiyo haikomi. Ila ukiishika gesi kwenye joto moja, hufika mahali ambapo zinazovunjika ni sawa na zinazokutana. Hapo rangi hutulia, na mtu asiyejua hudhani hakuna kinachotendeka humo ndani. Hali hiyo ndiyo wataalamu huiita msawazo. Swali la jaribio lilikuwa moja tu: kwenye joto la digrii sitini, katika kila jozi mia, ngapi zimevunjika?

Kitabu cha Balwant Singh, kilichopigwa chapa Ulaya, kilijibu: hamsini na tatu.

Geresom alifanyia kazi hiyo barazani ili wanafunzi wasivute moshi. Alikuwa na chupa za duara zenye shingo nyembamba kama mrija wa kalamu. Alitia gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, akaizamisha chupa kwenye maji ya digrii sitini, akasubiri gesi ichemke, ifukuze hewa yote na ijae yenyewe. Ilipoacha kutoka, aliiziba shingo kwa ndimi za moto, akapoza, akafuta, akapima uzito. Chupa nyepesi maana yake jozi nyingi zimevunjika. Chupa nzito, zimevunjika chache. Lakini uzito peke yake hautoshi. Lazima ujue pia hewa ya nje inasukuma kwa nguvu gani, kwani ndiyo inayoamua chembe ngapi zibaki chupani. Kwa hiyo alisoma barometa ya shule, ile ya mshale iliyoning'inia mlangoni, akaandika inchi thelathini. Akapiga hesabu. Akapata themanini.

Alidhani amekosea. Akarudia kwa chupa nyingine, akapata themanini. Siku ya tatu alipata sabini na tisa, na kwa saa nzima akafurahi kama mgonjwa aliyeambiwa homa imeshuka kidogo. Siku ya nne na ya tano, themanini tena.

"Chupa iko navuja, Geresom," Balwant Singh akasema. "Hakuna kitu ingine."

"Masta, nimeziba mbele ya macho yako."

"Basi mizani. Au mkono. Kitabu nasema hamsini na tatu, wewe naleta themanini. Hii si tofauti ya kidogo. Mimi nitaandika nini kwa barua?"

Hakusema kwa ubaya. Alimpenda Geresom, na ndiyo sababu alikuwa na hofu. Barua ilipaswa kuondoka Ijumaa.

Alhamisi Geresom alibaki peke yake maabara baada ya kengele ya kutoka. Aliziangalia chupa zake tano. Alikuwa amechoka, na si mikono iliyochoka. Mara tano alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa, na mara tano kitabu kilimwambia yeye ni mwosha chupa. Basi akakaa, akafanya hesabu kinyumenyume. Alianza na hamsini na tatu, akarudi nyuma mpaka akapata uzito ambao chupa ingepaswa kuwa nao, akauandika kwa wino, kwenye ukurasa safi, kwa mwandiko wake mzuri. Zile namba tano za kweli aliziacha nyuma ya daftari, kwa penseli. Alijiambia kwamba hajamwibia mtu. Watu wengi wamejiambia hivyo, na wengi wao walikuwa wazuri kama yeye.

Balwant Singh aliusoma ukurasa, uso ukamkunjuka. "Unaona? Ilikuwa navuja." Akatia saini.

Geresom alipanda basi la Jinja kupitia Tororo, na kiti chake kilikuwa cha dirishani, lakini ukimuuliza aliona nini njiani hana la kukuambia. Kiwandani walimpeleka kwa mkuu wa maabara. Alitarajia Mzungu, au mzee wa Kihindi. Akakuta mwanamke wa miaka arobaini hivi, sari imefunikwa kwa koti jeupe lenye matundu ya tindikali. Jina lake Malti, shemeji wa mwenye kiwanda. Alisomea Bombay, na kila mtu mle ndani alinyoosha mgongo alipopita. Alimpa Geresom kiti, akafungua daftari, akasoma taratibu bila kurukaruka.

"Hii inchi thelathini," akauliza, "ulisoma wapi?"

"Barometa ya shule, memsahib."

"Mbale?"

"Mbale."

Alimwashiria ukutani. Palikuwa na mrija mrefu wa kioo wenye zebaki, kifaa cha zamani kisicho na mshale. "Soma ile."

Geresom alisogea, akasoma mara mbili. "Ishirini na sita."

"Kila siku ishirini na sita, mvua au jua, nafasi ndogo sana juu na chini. Thelathini iko Mombasa. Jinja hapa tuko juu ya bahari karibu futi elfu nne. Na Mbale?"

Geresom alisimama pale akiwa amepigwa na bumbuazi. Nataka mtu yeyote anayetaka kumcheka aende Mbale kwanza. Mlima wa Wanale umeinuka pale juu ya paa za nyumba, na maporomoko yake unayaona ukiwa sokoni. Mtu wa mjini akienda kwa shangazi yake mlimani husema anapanda juu, na akirudi husema ameshuka chini. Mtoto hukua akijua kwamba Mbale ni chini. Juu ni kule, kwenye migomba ya watu wengine. Geresom alikuwa amesoma mara nyingi kwamba mlimani hewa husukuma kidogo, na kila aliposoma aliinua macho akautazama mlima kupitia dirishani. Hakuwahi kufikiri kwamba meza aliyoegemea ilikuwa tayari mlimani.

"Barometa yenu naongopa," Malti akasema. "Si kosa lako. Tunaweka ishirini na sita." Akachukua penseli, akapiga hesabu upya kwa uzito ule ulioandikwa kwa wino. Geresom alimwona akifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena. Akavua miwani. "Napata thelathini na tatu. Baharini, ambapo hewa nasukuma sana, zinavunjika hamsini na tatu. Wewe uko juu, hewa ni nyepesi, zinavunjika thelathini na tatu? Kwa joto lile lile? Haiwezekani, hewa nyepesi navunja zaidi. Huu uzito umetoka wapi?"

Hapo ndipo kazi yote ilipokuwa. Angeweza kusema mizani ya shule ni mbovu, na baada ya habari za barometa nani asingeamini? Neno lilikuwa ulimini.

"Nimeutunga," akasema. "Nilitaka ufanane na kitabu."

Geresom akafungua nyuma ya daftari, akamsogezea zile za penseli. "Hizi ndizo nilizopima. Mara tano. Zote zilikataa."

Alizipiga upya moja baada ya nyingine, kwa inchi ishirini na sita. Ya kwanza ikatoa hamsini na sita. Ya pili hamsini na sita. Ya tatu hamsini na tano, ya nne na ya tano hamsini na sita. Lakini Geresom akasema, kwa sauti ndogo, kwamba bado zimezidi kwa tatu.

"Zimezidi nini?"

"Kitabu."

Malti akamsukumia penseli na karatasi. "Kitabu iko baharini. Tafuta wewe, hapa ni ngapi."

Akaanza. Kwanza baharini: jozi mia, zimevunjika hamsini na tatu. Zimebaki jozi arobaini na saba, na pweke mia na sita, kwa kuwa kila jozi ikivunjika huacha mbili. Jumla chembe mia na hamsini na tatu, zinagawana inchi thelathini za mgandamizo. Fungu la pweke, inchi ishirini na pointi nane. Fungu la jozi, tisa na pointi mbili. Alizidisha fungu la pweke kwa lenyewe, akagawa kwa fungu la jozi: arobaini na saba. Namba hiyo, kwenye digrii sitini, haibadiliki. Unaweza kuipeleka gesi pwani au kileleni, ibane au iachie. Mafungu yake yatahangaika mpaka yatoe arobaini na saba.

Kisha hapa. Zilizovunjika hajui ngapi, akaziita x. Jozi zilizobaki, mia kutoa x. Pweke, x mara mbili. Jumla, mia na x. Zinagawana inchi ishirini na sita tu. Akaandika sharti la arobaini na saba, akakata vinavyokatana, mistari ikapungua mmoja mmoja, kama alivyowahi kuiona ikipungua ubaoni. Mwisho pakabaki x mara x, mara mia na hamsini na moja, ni sawa na laki nne na elfu sabini. Akagawa. Akatafuta kipeuo cha pili. Jibu moja lilikuwa chini ya sifuri, akalikata bila kulifikiria, kwani hakuna jozi zinazovunjika chini ya sifuri. Jingine lilikuwa hamsini na tano na pointi nane.

Aliiangalia ile namba. Hamsini na sita kasoro kidogo, naye alikuwa nayo nyuma ya daftari lake, kwa penseli, tangu wiki ile. Chupa hazikuvuja. Mizani haikukosea, wala mkono. Zile tatu zilizozidi hazikuwa makosa ya mtu. Gesi yenyewe ilihisi kwamba juu yake kuna hewa kidogo, ikaachana zaidi. Ilijua iko Mbale, wakati yeye aliyezaliwa Busiu hakujua. Furaha na aibu vilimjia pamoja, na hakuweza kukiondoa kimoja ili abaki na kingine.

"Mikono yako ni mizuri kuliko ya watu niliosoma nao," Malti akasema. "Nakuambia kweli." Alifunga daftari, akaliweka mbele yake. "Lakini kazi siwezi kukupa. Ungeniletea ile themanini, mbaya vile vile, ningekuambia anza Jumatatu. Barometa mbovu naweza kutengeneza. Hapa kuna watu ishirini wanavuta hewa ya ile chumba ya gesi kwa sababu daftari nasema ni salama. Siku namba itakataa, wewe utafanya nini?"

Geresom alitaka kumwambia kwamba hatarudia. Alikuwa na hakika hatarudia. Lakini aliona pia kwamba mtu aliyetunga angesema maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo, na mama huyu hakuwa na mizani ya kutofautisha. Akashukuru, akainuka. Malti alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo mlinzi alilishangaa, na huko akamwambia ampe mwalimu wake habari za barometa.

Alimpa kesho yake, baada ya masomo. Alijitahidi kulisema polepole, lakini habari kama hiyo haina upole. Balwant Singh alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakigusa meza.

Barometa ile, alisema, ililetwa kwa treni mwaka 1949. Alipoifungua, mshale ulikuwa umelala kushoto kabisa, kupita neno la dhoruba, na nje jua lilikuwa linawaka. Akasema imeumizwa njiani. Nyuma ina skrubu ndogo. Akaizungusha mpaka mshale ukafika kwenye neno la hali nzuri.

"Mimi najua futi elfu nne," akasema. "Najua. Nilifundisha. Lakini siku ile niliona tu kitu imeharibika, nikataka kusaidia." Alikuwa anatazama viti. "Miaka nane. Vijana walikuwa naleta majibu, mimi napiga wino nyekundu. Nawaambia chupa iko navuja."

Geresom alimwambia kwamba vijana wenyewe walikuwa wanapika hesabu zao, maana alizifuta mwenyewe ubaoni. Alidhani itampunguzia uchungu. Balwant Singh alitikisa kichwa.

"Wale waliopika niliwapa maksi," akasema. "Nauliza wale wengine."

Wakazifunika mizani, wakafunga madirisha, wakaachana mlangoni.

Nambozo alikuwa amekwisha kusikia kwamba kazi hakuipata. Nkoma habari hazingoji mwenyewe. Alimwacha ale kwanza. Binti yao Nafuna alipoondoa sahani, ndipo akauliza kama hesabu zilimshinda.

"Hapana," Geresom akasema. "Nilizipata. Nilizipata mara tano, hapa hapa, kabla sijaenda."

"Sasa?"

Akamweleza yote, wino na penseli, bila kujitetea. Nambozo hakujua kemia, lakini aliwahi kuuza mahindi kwa mizani za watu, na hakuna kilichompita.

"Kwa hiyo ungeipeleka ile themanini na ubaya wake, kazi ungeipata."

"Ndiyo."

"Ukaogopa watakucheka."

"Ndiyo."

"Nani?"

Geresom alifikiri, kwa kuwa swali lilistahili kufikiriwa. Balwant Singh aliiona themanini mara tano na hakucheka, alihuzunika. Yule mama wa Jinja hakucheka hata alipoujua uongo wenyewe. Akawapitia na wengine, wanafunzi, mkuu wa shule, majirani, wazee wa Busiu, akimpa kila mmoja nafasi yake.

"Hakuna," akasema.